Kamba ya Makumbi na Vyombo vya Kushonwa vya Pwani

Kamba ya makumbi husokotwa kwa nyuzi za ganda la nje la nazi. Ganda hilo ni kumbi. Nyuzi zake zikishaozeshwa, kupondwa na kusafishwa huitwa usumba. Ni uzi mkavu wa rangi ya kahawia, unaokwaruza mkono, na kwa macho tu hauelekei kuwa na thamani. Thamani yake hujulikana baharini. Maji ya chumvi, yanayoozesha kamba nyingi, hayauharibu upesi; ukilowa hufura, na mahali ulipofungwa hukaza badala ya kulegea. Kwa karne nyingi uzi huu ndio ulioshika mbao za vyombo vya pwani ya Afrika Mashariki.

Ushahidi wa maandishi ni wa kale. Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaitaja pwani ya Azania na vyombo vyake vya kushonwa. Bandari ya mwisho katika safari hiyo iliitwa Rhapta, na mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba jina hilo lilitokana na vyombo hivyo. Mwishoni mwa karne ya 13 Marco Polo aliviona vyombo vya aina hiyo Hormuz, kwenye mlango wa Ghuba, akavihesabu kuwa ni hatari kwa safari. Hata hivyo alieleza vizuri jinsi kumbi lilivyolowekwa mpaka nyuzi zake zikawa kama singa za farasi, na akakiri kwamba kamba yake haikuliwa na maji ya bahari. Vasco da Gama alipofika Msumbiji mwaka 1498, watu wake waliona mashua kubwa zisizo na sitaha wala misumari, mbao zimefungwa kwa kamba na matanga ni ya mkeka. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno mwenzao, Duarte Barbosa, aliandika mambo kama hayo kuhusu Mafia, Unguja na Pemba.

Kilichowashangaza wageni ni kukosekana kwa chuma. Hadithi ilienea kwamba misumari iliepukwa kwa hofu ya miamba ya sumaku iliyoweza kuivuta merikebu. Procopius, mwanahistoria wa karne ya 6, aliitaja na kuikataa. Wala pwani haikuwa ngeni kwa chuma: katika karne ya 12 al-Idrisi aliandika habari za chuma cha Malindi. Kushona kulikuwa chaguo la watu walioijua bahari yao. Chombo kilichoshonwa hunyumbuka kinapogusa mwamba wa matumbawe au kinapolala ufuoni maji yakipwa, mahali ambapo cha misumari kingepasuka. Na malighafi ya kukitengeneza ilikuwa imelala chini ya kila mnazi.

Chombo mashuhuri kuliko vyote vya namna hii kilikuwa mtepe wa visiwa vya Lamu. Mbao zake ziliunganishwa kingo kwa kingo kwa vijiti, zikatobolewa matundu, kisha zikashonwa. Kila tundu lilishindiliwa nyuzi na kijiti, kamba isirudi nyuma na maji yasipate njia. Omo ilinyooka mbele kama shingo ya ngamia, ikachorwa macho, na tanga la mraba lilisukwa kwa miyaa. Maji yaliingia tu, na kuyafua ngamani ilikuwa kazi isiyokwisha. Kamba ilipochakaa, mshono ulifumuliwa na mbao zilezile zikashonwa upya.

Wingi wa kamba uliohitajika unaonekana katika jaribio lililofanyika Oman. Mwaka 1980, mjini Sur, msafiri Tim Severin alisimamia uundaji wa chombo cha kushonwa kwa mtindo wa zamani, kikapewa jina Sohar na kusafiri mpaka China. Chombo hicho kimoja kilikula kiasi cha kilomita 640 za kamba ya nazi, mwendo unaozidi safari ya kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mtepe kwa kawaida ulikuwa mdogo kuliko huo, lakini hesabu yake nayo ilikwenda mbali. Historia zilizoandikwa humtaja nahodha, huwataja mafundi, hutaja hata aina ya mbao. Msokotaji hatajwi. Huo ni upungufu mkubwa, maana kabla ubao wa kwanza haujatobolewa, mikono ya watu wengi ilikuwa imeshafanya kazi miezi mingi.

Unguja, kazi ya makumbi ni ya wanawake, hasa katika vijiji vya mashariki kama Jambiani, Paje na Bwejuu. Makumbi hufukiwa pwani, mahali panapofunikwa na maji yakijaa na kuachwa wazi yakipwa. Hupangwa shimoni, hufunikwa kwa mchanga na tope, na juu yake huwekwa mawe ili bamvua isiyachukue. Hukaa humo miezi kadhaa. Yakifukuliwa yamelainika na yananuka sana. Hapo hupondwa kwa gongo mpaka nyama ya kumbi iachane na nyuzi, kisha usumba husuuzwa na kuanikwa juani.

Mwanagenzi wa kazi hii hufundishwa na viganja vyake kuliko maneno ya mwalimu. Msokotaji huketi chini amenyoosha miguu, hushika vifungu viwili vya usumba vilivyo sawa kwa unene, huviweka kati ya viganja na kuvisugua kwenda upande mmoja. Kila kifungu hujipinda peke yake. Viganja vikiachia, vifungu hivyo hutaka kujifumua, na katika kutaka huko huzungukana kwa upande wa pili. Kamba imekwisha kujishika. Haina gundi wala fundo. Pindo la ndani linavuta huku, pindo la nje linavuta kule, na kwa kuwa hakuna linaloshinda, kamba haifumuki.

Makosa ya anayeanza ni yaleyale siku zote. Hungoja kifungu kiishe ndipo akiongeze, na hapo kamba hubaki na mahali dhaifu pa kukatikia. Fundi huongeza nyuzi chache chache mapema, tena haviongezi vifungu vyote viwili mahali pamoja. Kosa jingine ni kutolingana: kifungu kimoja kikiwa chembamba, hujiviringa juu ya kile kinene kilichobaki kimenyooka, na mzigo wote hulemea kimoja. Kosa hili jicho huchelewa kuliona, lakini kidole hulijua papo hapo. Ndiyo sababu msokotaji mzoefu anaweza kuzungumza na wenzake barazani, au kumtazama mtoto anayecheza uani, na kamba ikaendelea kutoka sawasawa. Makini yake yote imehamia kwenye ncha za vidole. Kufika hapo hakuna njia ya mkato. Ni pima baada ya pima, na nyingi za mwanzo hufaa kufungia kuni tu.

Ikishasokotwa, kamba ilipata jina kulingana na kazi yake. Chomboni, ya nanga ni amari, ya kupandishia tanga ni henza, na za kulitawala tanga ni demani na joshi. Nchi kavu ilifunga fito za nyumba na makuti ya paa, ikateka maji visimani, ikawambia vitanda. Kuwamba kitanda ni ufundi wa pekee: kamba hupitishwa juu na chini ya mwenzake kutoka mfumbati hadi mfumbati, na ikilegea safu moja, mlalaji huihisi usiku huohuo.

Kuanguka kwa kamba ya makumbi kulikuja kwa hatua. Misumari ilishika nafasi ya mshono katika majahazi, na mtepe ukaacha kuundwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyofika hai, nayo ikawa mwanzo wa mashamba makubwa ya katani, uzi wa kamba za kiwanda. Kerala nchini India, ambako James Darragh alifungua kiwanda cha bidhaa za usumba Alleppey mwaka 1859, nyuzi za nazi zilikuwa biashara kubwa ya dunia. Unguja zilibaki mikononi mwa mwanamke mmoja mmoja, bila mtaji na kwa bei ndogo isiyolingana hata kidogo na jasho lake. Kisha ikaja nailoni, nyepesi na isiyooza.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza mashariki mwa Unguja, na wanawake wengi wakahamia huko, kwenye ufuo uleule na kwa kufuata maji yaleyale. Wakulima wa mwani hufunga miche yao kwenye kamba, na kamba hizo ni za plastiki. Lakini makumbi hayajaachwa kabisa. Maji yakipwa Jambiani, mashimo bado yanaonekana yamefunikwa mawe, na kila shimo lina mwenyewe.