Mji Mkongwe: Nyumba Zenye Watu, Zisizo na Mwenyewe

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Waarabu na Wahindi wengi waliihama Zanzibar, na majumba yao mengi ya Mji Mkongwe yakawa mali ya serikali. Hayakuachwa matupu: familia za wanyonge ziliingizwa kwa kodi ndogo, jumba la ukoo mmoja likagawiwa kaya kadhaa. Hata hivyo yaliendelea kuchakaa, kwa sababu kinachoua nyumba si ukosefu wa watu, bali ukosefu wa mtu mwenye wajibu na uwezo wa kuitengeneza. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji hulainisha chokaa na kuozesha ncha za boriti zilizoingia ukutani, na sakafu hushuka. Mpangaji mmoja hawezi kugharamia paa la wote.

Wapo watakaosema wakazi ndio walioharibu. Lakini nyumba za wakfu nazo, pamoja na kuwa na wasimamizi rasmi, zilichakaa pale kodi iliposhindwa kulipia mafundi. Wengine watasema dawa ni kuuza. Kweli, mamlaka ya uhifadhi ilipoundwa mwaka 1985 na utalii ulipokua, majumba kadhaa yalipona kwa kugeuzwa hoteli. Ila mkazi wa kawaida hana nafasi humo. Umiliki wa serikali peke yake nao si kinga: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la serikali mjini humo, iliporomoka Desemba 2020. Linalohitajika ni fedha za ukarabati kutengwa kabla paa halijavuja, na wapangaji kuwa na sauti katika matumizi yake.