Walenisi

Wilayani Handeni, Tanzania, majina ya mahali huunganishwa: Kwaluguru, Kwamsisi, Kwamatuku. “Kwa” imeganda kwenye jina na hakuna anayeitenga. Katama Mkangi wa Kenya alithubutu zaidi katika riwaya yake Walenisi (1995). Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo cha angani, anafaulu kukiendesha, anatua kwenye sayari yenye haki. Jina la sayari hiyo? Wale ni sisi: sentensi nzima imekuwa nomino. Msomaji anayesubiri viumbe vya ajabu (nami nilivisubiri) anakutana na kiwakilishi chake mwenyewe.

Leo tunabishania jina jingine, la kompyuta inayojibu maswali: akili mnemba au akili unde? Nachagua unde. Neno hilo limetokana na kuunda, na kitenzi hicho kinamdai mtendaji wake.