Sumu ya Mshale na Dawa ya Moyo

Kila unapozuka mjadala kuhusu tiba asili, na tangu ugonjwa wa Korona mijadala hiyo haijakoma, hujitokeza kambi mbili. Ya kwanza husema mababu zetu walijua kila kitu, wakanyang'anywa. Ya pili husema mababu walibahatisha tu, na kwamba elimu ya dawa ilianza siku mmea ulipoingia maabara. Binafsi nimechoshwa na kambi zote mbili, kwa sababu zote husema pasipo kuangalia kumbukumbu zilizopo. Leo nitaziangalia kumbukumbu za kisa kimoja: sumu ya mishale ya mashariki ya Afrika, na safari yake kutoka podo la mwindaji hadi bomba la sindano la daktari wa moyo.

Tuanzie bonde la mto Shire, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Msafara wa David Livingstone wa Zambezi, ulioanza mwaka 1858, ulikuwa na daktari kijana wa Kiskoti aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, John Kirk. Wasomaji wa pwani wanamfahamu kwa sura nyingine: ndiye balozi wa Uingereza aliyemshinikiza Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Lakini miaka hiyo ya Shire, Kirk alikuwa akitafuta kitu kimoja kwa hamu kubwa. Wawindaji wa huko walipaka mishale yao sumu waliyoiita kombe. Mnyama aliyechomwa hakwenda mbali. Kirk alitaka kujua sumu hiyo hutokana na mmea gani.

Ukifungua vitabu vya historia ya tiba, mara nyingi utasimuliwa habari ya mswaki. Kirk aliweka mswaki wake mahali pamoja na sumu ile. Alipopiga mswaki akahisi uchungu mdomoni, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua kasi. Kumbe sumu hii hufanya kazi moyoni! Hadithi inapendeza, na sina sababu ya kuikanusha, kwani Kirk mwenyewe ndiye aliyeisimulia. Kasoro yake ni kwamba inafanya ugunduzi uonekane kuwa ajali iliyomfika Mzungu mmoja asubuhi moja.

Kirk alisimulia pia jambo jingine, ambalo halipendwi sana na waandishi. Alieleza kwamba aliutafuta mmea huo kwa muda mrefu, na kila alipouliza wenyeji walimpa mmea usio wenyewe. Hawakukataa kumjibu, walimjibu uongo, tena mara kwa mara. Siku moja, katika kijiji cha Chibisa kandokando ya Shire, aliona mmea unaotambaa juu ya mti mrefu, una maganda ya mbegu. Hakuna aliyekubali kumpandia. Akaamua kupanda mwenyewe. Hapo ndipo watu waliokuwa chini wakaingiwa na hofu: akiushika vibaya, utomvu ukaingia kwenye mchubuko au mdomoni, atakufa. Wakampigia kelele ajihadhari, na katika kumwonya wakakiri kwamba huo ndio kombe.

Naomba msomaji asilipite tukio hili haraka. Watu hawa walikuwa na siri, walijua thamani yake, na waliilinda kwa ustadi. Iliyowatoka kinywani hawakuiuza wala hawakuporwa kwa bunduki. Waliitoa ili mgeni asife. Na ndani ya onyo lao mna elimu nzima: kwamba sumu hii ni hatari inapokutana na damu. Kirk alipeleka sampuli Kew, London, na mwaka 1870 mtaalamu wa mimea Daniel Oliver akauandikisha kwa jina la Strophanthus kombe. Jina la mmea likabaki. Majina ya waliopiga kelele chini ya mti hayakuandikwa na mtu yeyote.

Kutoka hapo kazi ikawa ya Thomas Fraser wa Edinburgh, mtafiti ambaye tayari alikuwa amejipatia sifa kwa kuchunguza sumu nyingine ya Afrika, ile ya kunde za Calabar. Fraser aliijaribu kombe kwa vyura na akaonesha kwamba haiui kwa kupitia ubongo wala neva, bali hukaza msuli wa moyo wenyewe. Mwaka 1885, mbele ya madaktari wenzake, aliitetea kama dawa ya moyo dhaifu, na haikupita miaka mingi kabla tone za strofanthini hazijauzwa katika maduka ya dawa ya Uingereza.

Ila tone hizo zilileta taabu. Mgonjwa mmoja alipata nafuu, mwingine hakupata chochote, wa tatu akazidiwa. Sababu ni kwamba madaktari walizinywesha, na dawa za jamii hii hufyonzwa kidogo mno, tena bila utaratibu, kutoka tumboni. Zinataka kuingia kwenye damu moja kwa moja. Mjerumani Albert Fraenkel ndiye aliyeanza kuzidunga kwenye mshipa, akachapisha matokeo yake mwaka 1906, na Ujerumani ikaendelea kuitumia strofanthini kwa miongo mingi wakati Uingereza imekwisha kuiweka kando.

Sasa jiulize: mwindaji alikula nini jioni? Alikula nyama ya mnyama aliyeuawa kwa sumu hiyo hiyo. Alikata na kutupa sehemu iliyozunguka jeraha, akapika iliyobaki, akalisha watoto wake. Kila mla nyama wa namna hiyo alijua kwamba kitu kinachoua kupitia damu hakiui hivyo hivyo kupitia tumbo. Katika famakolojia hili huitwa suala la njia ya kuingizia dawa mwilini, na mwanafunzi wa mwaka wa pili hufeli mtihani asipolijua. Zilipita takriban miaka 20 tangu hotuba ya Fraser hadi sindano ya Fraenkel. Sisemi kwamba Fraenkel alijifunza kwa wawindaji. Hakujifunza kwao, na hilo ndilo ninalolisikitikia. Jibu lilikuwa limekaa Shire muda wote, lakini waliochukua mbegu hawakuchukua na maelezo yake.

Kaskazini zaidi mshale ulipakwa mmea mwingine, ingawa kemia yake ni ya ukoo mmoja. Ni msunguti, ambao Wakamba huuita kivai na Wamaasai olmorijoi, na wataalamu huuweka katika jenasi ya Acokanthera. Vijiti na mizizi yake hukatwakatwa, huchemshwa kwa saa nyingi, huchujwa, kisha maji huendelea kuchemka hadi ibaki lami nyeusi. Lami hiyo hupakwa nyuma ya chembe cha mshale na kufungwa kwa ukanda wa ngozi ili isikauke. Wagiriama walisifika kwa kuipika, na majirani waliinunua kwao. Hapa tuna kila kitu tunachokidai kwa kiwanda cha dawa: kuchagua malighafi, kukoleza, kuhifadhi, kupima nguvu kabla ya kutumia, na soko linalomwadhibu mpishi mvivu, kwa kuwa mteja wake angesimama mbele ya nyati mwenye jeraha lisilomwangusha. (Hata panya mmoja wa porini, Lophiomys, amegundua siri hii. Watafiti akiwamo Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, walieleza kwamba hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa anayemuuma hujuta. Kwa hiyo kiburi kitupungue kidogo sote.)

Mfaransa Arnaud aliichuja sumu hii mwaka 1888 na kuipa jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu ya mshale, waabaayo. Kwa matamshi yetu tuiite wabaini. Dar es Salaam nayo imo katika kisa hiki, jambo ambalo wanafunzi wangu hushangaa kulisikia. Katika miaka ya 1930, mkemia wa serikali ya Tanganyika, W. D. Raymond, alibuni njia ya kuitambua wabaini na strofanthini kwa rangi: ukichanganya kemikali fulani na sumu hiyo katika maji yenye magadi makali, hugeuka zambarau. Njia hiyo ingali inatajwa katika vitabu vya kemia ya dawa kwa jina la Raymond. Baadaye, mwaka 1947, aliandika makala ndefu kuhusu sumu za mishale za Tanganyika. Mchango huu si haba, na maabara ya serikali haikuwa mahali pa kupima tu vitu vilivyovumbuliwa kwingine. Ila jambo moja liwe wazi: kabla Raymond hajaitafutia rangi, kulikuwa na watu waliompikia.

Mwaka wenyewe hasa, kwangu mimi, ni 1957. Mwaka huo mambo mawili yalitukia pasipo kujuana.

La kwanza ni la Tsavo. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1948 juu ya ardhi ambayo Waata, wawindaji wasemao lugha ya Kioromo wanaojulikana kwa majirani kama Waliangulu, walikuwa wakiwinda ndovu kwa pinde nzito na mishale ya msunguti. Mkataba wa London wa 1933 ulikuwa umekwisha kukataza silaha za sumu katika uwindaji. Kati ya 1956 na 1957 askari wa wanyamapori waliendesha msako mkubwa, wakawakamata wawindaji mmoja baada ya mwingine, wakawatia jela. Sitaki kuwapamba Waata. Pembe zilikwenda kwa wafanyabiashara wa pwani, ndovu waliouawa walikuwa wengi, na serikali yoyote ingechukua hatua. Hata waliowasaka waliona kwamba wamevunja maisha ya watu wazima bila kuwapa mengine. Mpango wa Galana wa mwaka 1960, uliokusudiwa kuwapa Waata kazi ya uwindaji wa halali, ulitokana na dhamira hiyo, nao haukudumu.

La pili ni la Aarhus, Denmark. Mwaka huo huo Jens Skou alichapisha makala kuhusu kimeng'enya alichokipata katika neva za miguu ya kaa. Kimeng'enya hicho kiliamka palipokuwa na sodiamu na potasiamu pamoja. Skou hakuwa na hakika amepata nini. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa wanabiokemia huko Vienna, alizungumza na Mmarekani Robert Post, aliyekuwa akichunguza jinsi chembechembe nyekundu za damu zinavyosukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Ilikwisha kujulikana, tangu kazi ya Schatzmann ya mwaka 1953, kwamba sumu za ukoo wa strofanthini huisimamisha pampu hiyo. Swali likawa moja tu: je, wabaini hukisimamisha na kimeng'enya cha kaa? Skou akapiga simu nyumbani ili kijaribiwe. Kilisimama. Ufunguo huo ukathibitisha kwamba kimeng'enya na pampu ni kitu kimoja, pampu iliyomo karibu katika kila seli ya mnyama, yako na yangu. Mwaka 1997 Skou alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Ndipo ilipoeleweka pia kwa nini sumu ya mshale ni dawa ya moyo. Pampu ikizuiwa kidogo, sodiamu hujaa ndani ya seli, kalsiamu nayo hubaki kwa wingi, na msuli wa moyo hukaza kwa nguvu zaidi. Ikizuiwa mno, mapigo huvurugika na moyo husimama. Kati ya mgonjwa aliyepona na ndovu aliyeanguka pana tofauti ya kipimo tu.

Msomaji mwenye hasira atasema: ndio ukoloni huo. Ni kweli kwa sehemu, lakini tazama na upande wa pili. Dawa ya moyo iliyo maarufu kuliko zote, digoksini, ni ya jamii hii, nayo ilianza na William Withering, daktari wa Kiingereza aliyeandika mwaka 1785 kwamba habari ilimjia kupitia dawa ya kifamilia ya bibi kizee mmoja wa Shropshire. Withering hakumtaja jina. Bibi huyo alikuwa Mwingereza kama yeye. Kwa hiyo kusahauliwa huku hakuhitaji bahari wala bunduki; kunatosha kuwa upande mmoja unaandika na mwingine hauandiki. Ukoloni uliongeza jela.

Hapo nawageukia watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili imekuwapo tangu 1974. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayozitaka kaunti ziweke rejista. Sheria ya Tanzania humtazama mjuzi kama mganga: mtu mwenye wagonjwa, anayeweza kusajiliwa na baraza. Wenye kombe na msunguti hawakuwa waganga. Walikuwa wawindaji na wapishi wa sumu. Na mzee wa Kiwaata akienda leo kwenye ofisi ya kaunti kuandikisha alichofundishwa na baba yake, itambidi aeleze, mbele ya karani na kalamu yake, ujuzi wa uwindaji ambao Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977.