Wapanda-Farasi Weusi wa Kentucky

Huku kwetu Kongo, farasi ni nyama tunayemwona zaidi katika filme kuliko barabarani, sababu mbung'o, yule nzi wa ugonjwa wa usingizi, alimfungia njia. Tena tunapoangalia filme za historia ya mashindano ya farasi kule Marekani, tunadhani ni mchezo wa Wazungu toka mwanzo. Kumbe sivyo.

Tarehe 17 Mei 1875, mjini Louisville, Kentucky Derby ya kwanza ilikuwa na wapandaji 15. Watu weusi walikuwa 13. Alishinda Oliver Lewis, juu ya farasi Aristides. Aliyemzoeza farasi huyo, Ansel Williamson, alizaliwa mtumwa. Na ndiyo sababu yenyewe: wakati wa utumwa, kazi ya kulisha na kuzoeza farasi ilikuwa mikononi mwa weusi. Isaac Murphy naye alishinda mara tatu: 1884, 1890 na 1891.

Kisha feza ikawa nyingi, wivu ukaingia. Wapandaji weupe waliwabana weusi kwenye uzio. Wenye farasi wakaacha kuwapa kazi. Jimmy Winkfield, mshindi wa 1901 na 1902, alihamia Urusi, baadaye Ufaransa. Mwaka 1961 alialikwa karamu Louisville, akazuiwa kwenye mlango wa hoteli. Toka 1922 mpaka 1999, hakuna Mmarekani mweusi aliyepanda katika Derby.

Sisi tunajifunza nini? Ufundi usioandikwa, mwingine atauita wake. Basi tuwaulize wazee wetu majina, tuyaandike, wangali hai.