OHADA: Sheria ya biashara anayokutana nayo muuzaji nchini Kongo

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kanuni zake kuu za biashara hazitokani na jumuiya hiyo. Zinatokana na mfumo wa OHADA, ambao nchi hiyo ilijiunga nao muongo mmoja kabla. Kwa anayeuza bidhaa kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kwenda Lubumbashi, Goma au Bukavu, tofauti hiyo yaweza kuamua ni nani atakayebeba hasara.

OHADA ni nini?

OHADA ni kifupisho cha Kifaransa cha jumuiya inayooanisha sheria za biashara barani Afrika. Mkataba wake ulitiwa saini Port Louis, Mauritius, tarehe 17 Oktoba 1993, na kufanyiwa marekebisho mjini Quebec, Canada, mwaka 2008. Una wanachama 17, wengi wao wakiwa mataifa ya Afrika Magharibi na Afrika ya Kati yanayotumia Kifaransa. Visiwa vya Comoro pia vimo. Kongo ilijiunga mwaka 2012.

Sheria zake huitwa Sheria za Pamoja. Zinapopitishwa, hutumika moja kwa moja katika kila nchi mwanachama na huwa na nguvu kuliko sheria ya taifa inayopingana nazo. Zinagusa biashara kwa jumla, makampuni, dhamana, ukusanyaji wa madeni, kufilisika na usuluhishi. Sheria ya Pamoja ya biashara kwa jumla inayotumika sasa ilipitishwa Lomé, Togo, Desemba 2010.

Mfanyabiashara anatakiwa kujiandikisha katika rejista ya biashara, inayojulikana kama RCCM. Asiyejiandikisha hawezi kudai manufaa ya hadhi ya mfanyabiashara, lakini pia hawezi kutumia kasoro hiyo kukwepa wajibu wake.

Mzigo ukiungua ghalani

Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya, Uganda na Tanzania zina asili ya Kiingereza. Kanuni za OHADA zinafuata zaidi mapokeo ya sheria ya Kifaransa. Tofauti huonekana pale jambo linapoharibika.

Tuchukue mfano wa marobota 50 ya vitenge yaliyokwisha kuchaguliwa, kuhesabiwa na kuwekwa kando katika ghala la Kariakoo. Mnunuzi wa Lubumbashi amekubali kununua, lakini hajayachukua. Usiku ghala linateketea bila kosa la mtu yeyote. Kwa sheria ya Tanzania, iwapo pande mbili hazikukubaliana vinginevyo, umiliki wa bidhaa mahususi zilizo tayari kukabidhiwa huhama pale mkataba unapofungwa, na hasara hufuata umiliki. Kwa hiyo hasara ni ya mnunuzi, hata kama hajazigusa.

Kwa kanuni za OHADA, umiliki huhama mnunuzi anapopokea bidhaa, na hasara huhama nao. Hivyo hasara ingebaki kwa muuzaji. Lakini ikiwa mauzo yanahusisha usafirishaji, hasara humhamia mnunuzi mara bidhaa zinapokabidhiwa kwa msafirishaji wa kwanza.

Bei iliyoahidiwa na bidhaa zenye kasoro

Muuzaji anayeandika kuwa bei yake itadumu hadi mwisho wa mwezi naye ana la kuzingatia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania humruhusu kuondoa pendekezo lake wakati wowote kabla halijakubaliwa. Kwa OHADA, pendekezo lililowekewa muda maalumu wa kukubaliwa haliwezi kuondolewa kabla ya muda huo kupita.

OHADA pia ina muda mfupi wa malalamiko. Kasoro inayoonekana siku ya kupokea bidhaa sharti ielezwe kwa muuzaji ndani ya mwezi mmoja. Kwa kasoro iliyofichika, mnunuzi ana mwaka mmoja wa kufungua shauri, tangu siku alipoigundua au alipopaswa kuigundua.

Mdaiwa asipolipa

Deni lisilo na utata, lenye kiasi kinachojulikana na ambalo muda wake wa kulipwa umefika, laweza kudaiwa kwa njia ya haraka: jaji hutoa amri ya malipo, na mdaiwa hupewa nafasi ya kuipinga. Mashauri ya biashara huanza katika mahakama za nchi husika. Ngazi ya mwisho katika tafsiri ya Sheria za Pamoja ni Mahakama ya Pamoja ya Haki na Usuluhishi, yenye makao yake Abidjan, Ivory Coast.

Yafaayo kuandikwa katika mkataba

Sehemu kubwa ya kanuni hizi za mauzo huruhusu pande mbili kukubaliana tofauti. Jambo la kwanza kuandikwa ni sheria ya nchi ipi itatumika. Kutaja tu "sheria ya Uganda" hakutoshi, kwa kuwa Uganda imejiunga pia na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya kimataifa ya bidhaa wa mwaka 1980.

La pili ni wakati umiliki na hasara vinapohama. OHADA humruhusu muuzaji kubaki mmiliki hadi alipwe bei yote, kinga muhimu kwa anayeuza kwa mkopo.

La tatu ni mahali pa kutatua mgogoro. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zote zimo katika Mkataba wa New York wa mwaka 1958, unaozitaka nchi kutambua na kutekeleza maamuzi ya usuluhishi yaliyotolewa nje ya mipaka yao. Kifungu cha usuluhishi kilichoandikwa mapema, kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa, humpa mdai uamuzi anaoweza kuuvusha mpaka na kuomba utekelezwe pale mali za mdaiwa zilipo.