Maji ya Uzazi Baina ya Mkunga na Faqihi

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mola aliyemuumba mwanaadamu katika tumbo la mama yake, umbo baada ya umbo, ndani ya viza vitatu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, mas-ala tunayoyazungumza leo wengi wetu huyaonea haya kuyataja. Lakini Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi tufuate mwendo huo.

Kilichonisukuma kuandika ni kosa langu mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa kijana ninayesomesha watoto na kumshikia imamu sala mara moja moja hapa Mpendae, alinijia jirani baada ya Magharibi. Akaniuliza: "Maalim, mke wangu maji yamemtoka tangu baada ya Alasiri. Utungu hana, na damu hakuna. Jee, asali?" Nikamjibu pale pale, bila ya kufungua kitabu: "Huyo ameshaingia katika nifasi. Mwache apumzike." Akarudi kwake moyo umetulia. Mtoto alizaliwa siku ya pili wakati wa dhuha, salama, alhamdulillah. Lakini mama alipata homa kali, na ilibidi atibiwe siku kadhaa.

Haikupita wiki, bibi mmoja wa mtaani, mkunga wa zamani aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule, alikuja barazani kwetu. Akanambia mbele ya mama yangu: "Mwanangu, nani kakwambia maji ni damu? Sisi chupa ikipasuka tulikuwa tukimfunga mzazi sodo, tukamtilisha udhu, akasali japo kwa kukaa kabla utungu haujamzidi. Na siku hizi ikipasuka, mtu hapelekwi kwa maalim, hupelekwa hospitali."

Niliingia ndani nikafungua vitabu. Nikakuta bibi amesema kweli, na kwamba maulamaa wetu walikuwa wameshaliandika jambo hilo karne nyingi kabla yangu.

Maji haya ni kitu gani

Mtoto tumboni huishi ndani ya mfuko wa utando mwembamba ambao watu wetu huuita chupa. Ndani yake mna maji yanayomkinga na vishindo, yanayomwezesha kujinyoosha na kugeuka, na kusaidia mapafu yake kukua. Katika nusu ya pili ya mimba sehemu kubwa ya maji hayo ni mkojo wa mtoto mwenyewe, ambaye huyameza na kuyatoa tena. Kiasi chake hufikia karibu mililita 800 hadi lita moja katika wiki za 34 hadi 36, kisha hupungua kidogo kidogo.

Kwa kawaida chupa hupasuka utungu ukiwa umeshaanza. Lakini katika kila wajawazito 100 waliotimiza miezi yao, kama 8 hupasukiwa kabla ya utungu. Wengi wao utungu huanza wenyewe ndani ya saa 24. Hatari ni kuwa chupa ikishapasuka, mlango uliokuwa umefungwa umefunguka, na kila muda ukirefuka vijidudu hupata njia ya kumfikia mama na mtoto. Maji yakiwa na rangi ya kijani ni dalili kuwa mtoto amejisaidia tumboni, na pengine ana taabu. Mara chache kitovu hutangulia mbele ya mtoto, na hapo kila dakika ina thamani yake.

Qur-ani, Sunna na mkunga

Qur-ani haikuuacha uzazi nyuma ya pazia. Katika Surat Az-Zumar, aya ya 6, Allah ametaja kuumbwa kwetu katika viza vitatu, na wafasiri wa mwanzo walivifasiri kuwa ni kiza cha tumbo, kiza cha fuko la uzazi na kiza cha kondo la nyuma. Katika Surat Maryam, kuanzia aya ya 23, tunasomewa utungu wa Bibi Maryam (A.S.) ulivyompeleka kwenye shina la mtende, akapewa maji ya kunywa na tende mbivu. Utungu hapo haukutajwa kwa aibu, umetajwa kwa huruma.

Katika zama za Mtume (S.A.W.) mkunga alikuwa mtu anayejulikana. Vitabu vya Masahaba vinamtaja Bibi Salma, mke wa Abu Rafii, kuwa ndiye aliyemzalisha Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.). Na mwaka wa 10 Hijria, katika safari ya Hija ya kuaga, Bibi Asmaa bint Umays (R.A.) alijifungua Muhammad bin Abubakar pale Dhul-Hulayfa. Akatuma kumuuliza Mtume (S.A.W.) afanyeje, naye akamuamrisha akoge, ajifunge kitambaa na ahirimie. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Angalia mwendo wake: mwanamke ameuliza saa ile ile lilipomfika, na amejibiwa kwa jambo analoweza kulifanya.

Mafaqihi wakajenga juu ya msingi huo. Katika mambo ambayo wanaume hawayaoni, kama kuzaliwa kwa mtoto, waliukubali ushahidi wa wanawake peke yao. Imamu Shafi akashurutisha wanawake wanne, na Mahanafi wakatosheka na mkunga mmoja muadilifu. Yaani kadhi akiwa na kilemba chake na vitabu vyake, kuna mlango ambao havuki, na anayejua kilichoko nyuma ya mlango huo ni mwanamke.

Matabibu wa Kiislamu nao walikwenda njia hiyo. Arib bin Saad wa Qurtuba, katika karne ya 4 Hijria, alitunga kitabu kizima juu ya kuumbwa kwa mtoto na kuwatunza wajawazito na wachanga. Az-Zahrawi, aliyefariki kiasi cha mwaka 404 Hijria, aliweka katika kitabu chake At-Tasrif milango ya kuwafunza wakunga, pamoja na namna ya kuupasua utando ikiwa haukupasuka wenyewe. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria, katika Muqaddima yake aliuhesabu ukunga miongoni mwa kazi za lazima katika mji, akakiri kuwa katika maradhi ya uzazi na ya wachanga wakunga hujua kuliko tabibu hodari.

Walivyosema mafaqihi wetu

Sisi watu wa mwambao huu wengi wetu ni Mashafii. Darasani tulianza na Safina ya Sheikh Salim bin Sumayr, tukaenda kwa Abu Shujaa, na aliyejaaliwa akafika kwenye Minhaji ya Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) na sherehe zake. Katika Tuhfa, sherehe ya Ibn Hajar Al-Haytami aliyefariki mwaka 974 Hijria, maji yanayotoka pamoja na mtoto au kabla yake kidogo yametajwa kwa uwazi kuwa ni najisi, kwa sababu yanatoka ndani kabisa, si rutuba ya sehemu ya nje. Kosa langu lilikuwa kutofika hapo. Nilisimama kwenye neno "uzazi" nikadhani kila kinachouhusu ni nifasi.

Kutokana na hayo, hukumu zake katika madhehebu yetu ni hizi:

Kwanza, maji haya peke yake si nifasi. Nifasi ni damu inayotoka baada ya fuko la uzazi kumaliza kutoa mtoto. Kwa hiyo mwanamke chupa ikimpasukia, sala bado iko juu yake.

Pili, maji haya yanavunja udhu, na yanaoshwa mwilini na nguoni, lakini hayawajibishi kukoga. Kinachowajibisha kukoga ni kuzaa kwenyewe, hata kama mtoto ametoka mkavu.

Tatu, yakiwa yanavuja bila ya kukatika, hukumu yake ni ya mwenye istihadha: wakati wa sala ukiingia ajisafishe, afunge sodo, atie udhu na asali pale pale faradhi ile. Kinachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Akishindwa kusimama asali kwa kukaa, na akishindwa kukaa asali kwa kulala.

Nne, damu inayotoka pamoja na utungu kabla ya mtoto, katika kauli iliyotegemewa kwetu, nayo si nifasi. Mahanbali wao wamesema damu ya siku mbili au tatu kabla ya kuzaa, ikiwa na dalili ya utungu, ni nifasi. Tofauti hiyo ni katika damu, tusiichanganye na maji.

Tano, mtoto anayezaliwa na rutuba ile juu ya mwili wake ni tohara. Imamu Nawawi amenakili ijmai ya Waislamu katika hilo. Mama au nyanya anayempakata asiwe na wasiwasi wa nguo yake.

Basi yule mke wa jirani yangu alikuwa anadaiwa Magharibi, Isha na Alfajiri. Nilikwenda kwao nikakiri kuwa nilikosea, na nikamwambia mumewe kuwa zinalipwa baada ya kutoharika. Sala tatu mtu anaweza kuziona chache, lakini zilipotea kwa ulimi wangu, na mwenye kuulizwa na Allah juu yake ni mimi kabla ya yeye.

Unguja na wakunga wake

Historia ya visiwa vyetu inaonesha jinsi elimu hizi mbili, ya msikitini na ya ukungani, zilivyoishi mtaa mmoja bila ya kukutana sana. Sayyida Salme bint Said, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa mwaka 1844, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, ameeleza uzazi wa majumba ya kifalme: wakunga wengi walitoka Bara Hindi, na yeye hakuusifu ujuzi wao. Ametaja pia siku ya arubaini, mtoto anaponyolewa nywele. Arubaini hiyo bado tunaiona majumbani, na wengi hudhani ndio mwisho wa nifasi kwa kila mtu, hali ya kuwa kwa Mashafii arubaini ni ghalibu yake, na ukomo wake ni siku sitini. Anayetoharika kabla ya arubaini hukoga na kusali.

Mwaka 1918 iliundwa hapa Jumuiya ya Uzazi ya Zanzibar, ambayo fedha zake nyingi zilitoka kwa Wahindi wa Unguja na uendeshaji ukawa chini ya Waingereza. Wakati huo Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925, alikuwa bado hai, na darasa za fiqhi za mji huu zilikuwa zikivuta wanafunzi kutoka mwambao mzima. Huku vilikuwapo vitabu vinavyotaja maji ya uzazi kwa jina, kule wakaja wakunga waliosomea. Lakini mwanamke wa Ng'ambo aliendelea kumtegemea bibi wa mtaa, na bibi huyo ndiye aliyebeba yote mawili: alimfunga mzazi sodo na akamkumbusha sala.

Leo wanawake wengi wa mjini huzalia hospitali, na hilo ni jema. Ila mkunga wa hospitali kazi yake ni roho ya mama na mtoto, hakuwekwa pale kumsomesha fiqhi. Na yule bibi aliyekuwa akikumbusha sala wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Nafasi yake imebaki tupu, nasi wenye kushika mimbari hatujaijaza.

Wajibu wetu

Ndugu zangu maimamu na wanafunzi, mtu akija kukuuliza hukumu ya maji haya, la mwanzo mwulize wewe: "Mkeo yuko wapi, na amepelekwa hospitali?" Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya Sheria, na sala haimtaki mama akae nyumbani kungoja. Ataweza kusali kitandani hospitali, kwa udhu, na akikosa njia ya maji, kwa kutayammamu. Maji yakiwa ya kijani au yana harufu, au mtoto amepunguza kucheza, asingoje hata adhana. Ukishahakikisha hilo, ndipo umfahamishe hukumu.

Na tuwasomeshe mabinti zetu mlango huu kabla hawajaolewa, kwa walimu wanawake wenye elimu, wala tusiuruke kama tulivyorukishwa sisi. Wanaume nao wausome, kwa sababu usiku ule utakapofika, anayetumwa kwa maalim ni mume.

Yule bibi alifariki miaka mingi iliyopita. Nilimsalia jeneza yake, na kila nikifika kwenye mlango wa nifasi darasani humtaja kwa dua. Allah amrehemu, awarehemu wakunga wetu wote, na ajaalie wepesi kwa kila mja mzito. Tuliloandika likiwa sawa ni kwa taufiki ya Allah, na likiwa kosa ni letu.

Wallahu aalam.