Reli Iliyoitwa Tramu: Kutoka Ruiru Hadi Landless

Serikali ya kikoloni ilipotaka kuunganisha Nairobi na Thika kwa njia ya chuma, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilijua kwamba si rahisi wakubwa wa London kuidhinisha reli nyingine ya gharama. Basi kwenye makaratasi haikuandikwa kuwa reli. Iliandikwa kuwa tramu, kitu kidogo cha mjini, na fedha zikapatikana. Mwaka 1913 gari moshi likafika Thika likipita Ruiru, na baada ya muda hakuna aliyejali tena lilivyoitwa. Njia hiyo iliendelea kusogezwa kaskazini mpaka Nanyuki, ambako ilifika mwaka 1930.

Nimeifuata njia hiyo kwa miguu, kwa matatu na kwa boda boda, kwa sababu naamini ndiyo inayoeleza vyema zaidi jinsi ardhi ya upande huu ilivyopangwa, ikagawanywa na kupangwa upya. Kila mara karatasi ilitangulia. Mtu aliyeishi juu ya ardhi yenyewe alipata habari baadaye.

Kabla ya reli, Ruiru ilikuwa ukingoni mwa nchi kadhaa. Upande wa juu yalikuwa mashamba ya koo za Wakikuyu, githaka baada ya githaka, na upande wa chini uwanda ambao Wamaasai walilisha ng'ombe wao. Wakamba walipita na bidhaa zao. Mipaka ilikuwepo, lakini iliishi vichwani mwa wazee, katika mito na katika miti iliyopandwa makusudi. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 haikuiona hata mmoja. Ile ya 1915 ikaongeza muda wa ukodishaji kwa walowezi hadi miaka 999. Mwenye githaka akageuka muhoi, yaani mkaaji kwa hisani, kwenye ardhi ya baba yake, kisha skwota, na baada ya Vita vya Kwanza kipande, kitambulisho cha kibarua, kikaning'inia shingoni mwake.

Wataalamu wetu wa mipango miji hupenda kuanza hadithi ya upangaji wa ardhi na ramani za Nairobi. Mimi naianza hapa Ruiru, kwenye kahawa. Huku ni shamba la mzungu, kule ni rizavu, na mjini ni Majengo kwa Mwafrika na mtaa wake kwa Mhindi. Kwa miongo mingi mkulima Mwafrika wa sehemu hizi hakuruhusiwa hata kupanda mkahawa. Aliuchuma tu, akaishi kambini, katika vyumba vilivyopangwa mstari mmoja pembeni mwa shamba, palipo mbali na nyumba ya mwenye mali lakini karibu na kiwanda. Hiyo ndiyo ramani ya kwanza ya matumizi ya ardhi, na ilifuatwa kwa ukali ambao hakuna kaunti leo inaweza kuukaribia.

Ruiru imewapa wengine mengi. Maporomoko yake ndiyo yaliyotoa umeme wa mapema wa Nairobi. Mwaka 1944 kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa katika shamba la Jacaranda, na mwaka 1985 kikatoa mbegu inayojulikana dunia nzima kwa jina la mji huu, Ruiru 11, yenye uwezo wa kustahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Lakini miaka minne tu baadaye, mwaka 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa kahawa duniani ulivunjika na bei zikaporomoka. Kenya, iliyozalisha takriban tani 130,000 msimu wa 1987/88, leo huzalisha chini ya nusu ya hizo.

Ndipo nyumba zilipoanza kuota mahali pa mikahawa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ya 2019 ikahesabu 490,120. Tatu City peke yake, mji wa kibinafsi uliochorwa juu ya mashamba ya kahawa, ina ekari 5,000. Wenye uwezo mdogo walikuwa wametangulia tangu miaka ya 1970, kupitia kampuni za kununua ardhi kama ile ya wana Githunguri, ambao walichanga pesa, wakanunua shamba upande wa Ruiru na hatimaye kugawana ploti. Siwalaumu hata kidogo. Aliyekaa kambini miaka 30 ana haki ya kutamani mlango wake mwenyewe, na shamba la mlowezi halikuwa bustani ya Edeni hata tulililie.

Kinachoniuma ni namna linavyoondoka. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, anayetaka kugeuza shamba kuwa makazi huomba kibali kwa kaunti. Tangazo huwekwa gazetini na kwenye ardhi yenyewe, na mwenye pingamizi hupewa siku 14. Nimesoma matangazo hayo mengi. Husema namba ya ardhi, ukubwa wake, matumizi ya sasa na matumizi yanayoombwa. Kilichopo juu ya ardhi hakisemwi. Kambi ya vibarua haina namba. Meza za kuanikia kahawa, mitaro ya kuoshea buni, kaburi la mchumaji aliyekufa mbali na kwao, mti waliokutania wanawake asubuhi kungoja nyapara, vyote havina namba. Tingatinga likija linakuta kwenye karatasi ardhi tupu ya kilimo.

Kati ya Ruiru na Thika njia inapita Juja. Hapo ndipo Mmarekani tajiri William Northrup McMillan alikuwa na shamba lake, na mwaka 1909 akampokea Theodore Roosevelt aliyekuja kuwinda. Roosevelt aliandika kitabu, kwa hiyo wiki zake zimehifadhiwa. Waliobeba bunduki na mahema yake wametajwa humo kidogo tu.

Thika yenyewe ilizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kituo cha wasafiri. Mwaka 1908 hoteli ya Blue Posts ilijengwa karibu na mahali Chania na Thika inapokutana, ikapata jina lake kutokana na nguzo zake zilizopakwa rangi ya buluu. Kutoka uwanja mmoja wa nyasi unaona maporomoko mawili. Walowezi waliokuwa wakielekea Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, walipumzika hapo, na watu wa Nairobi wakajifunza kuja Jumapili. Mwafrika aliingia akiwa na sinia mkononi. Mji ukatambuliwa rasmi mwaka 1924. Mara ya pili, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ulizaliwa upya kama mji wa viwanda: mananasi ya mkebe, ngozi, nguo, baadaye malori ya Leyland. Watu wakauita Birmingham ya Kenya, na moshi ukafika mpaka kwenye vyumba vya wageni.

Hoteli ile ipo bado. Inatajwa katika karibu kila kijitabu cha watalii, pamoja na kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 kuhusu utoto wake Thika na mfululizo wa televisheni uliotokana nacho mwaka 1981. Lakini nikitazama kwa makini, naona kwamba hoteli ilinusurika kwa sababu imeendelea kuuza chakula na kivuli. Maporomoko yenyewe hayana bahati hiyo. Mto Thika umezuiwa juu kule Ndakaini, katika bwawa lililokamilika mwaka 1994 na linalokunywesha sehemu kubwa ya Nairobi. Chania, kwa sehemu kubwa ya mwendo wake, ni mpaka wa Kiambu na Murang'a. Kwa hiyo anayekaa pale na familia yake kutazama maji yuko ukingoni mwa kaunti mbili, na wingi wa maji anayoyatazama huamuliwa kwa ajili ya kaunti ya tatu. Uhifadhi wa mandhari hiyo ungehitaji serikali tatu kuketi meza moja.

Mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu, una kisa kingine, na kwangu ndicho kisa kikuu cha uhifadhi mjini Thika. Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wakikuyu, anakumbukwa kwa kutabiri ujio wa wageni wenye nyoka wa chuma, ambaye watu walimtambua gari moshi lilipofika. Kuhusu mugumo mkubwa wa Thika, wazee husimulia kwamba alisema utawala wa wageni ungekwisha siku mti huo utakapoanguka. Husimulia pia kwamba wakoloni, walipoisikia habari hiyo, waliufunga mti kwa chuma ili usimame. Karibu na uhuru, mwaka 1963, radi ikaupiga ukaanguka.

Ukikipokea kisa hicho kama kilivyo, serikali ya kikoloni ilihifadhi mti mmoja mjini Thika kwa sababu ilijua thamani yake kwa watu. Iliogopa kumbukumbu yao kuliko tunavyoiheshimu sisi. Mahali hapo leo panaitwa Bustani ya Mugumo, na nashukuru kwamba bado pana jina na nafasi katikati ya mji unaobanwa kila siku na maduka na stendi za matatu.

Kenya inajua kuhifadhi ikitaka. Mji Mkongwe wa Lamu ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1986, ukapata mpango unaosema nyumba ijengwe vipi na uchochoro uachwe vipi, na mwaka 2001 ukaingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mpango wa Lamu una kasoro zake na wakazi wake wamelalamika kwa haki. Hata hivyo, mwenye nyumba Lamu anayetaka kubomoa ukuta wa matumbawe anajua lazima amuulize mtu. Anayebomoa kambi ya mashamba Ruiru hana wa kumuuliza. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au mahali kuwa mnara wa kitaifa, na Katiba ya 2010 imeiachia serikali ya taifa kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti mambo mawili kwa pamoja: mipango ya ardhi na makumbusho. Kalamu inayoidhinisha ghorofa na kalamu inayoweza kuhifadhi historia ziko katika makao makuu mamoja kule Kiambu. Hazijatambulishana.

Kutoka mjini nilichukua barabara ya Garissa, nikapita Makongeni, nikashuka Landless. Mgeni hulisikia jina hilo akadhani ni mzaha. Ni jina la watu: wasio na ardhi. Walikuwepo wengi kote Kiambu na Murang'a uhuru ulipofika. Wengine walikuwa maskwota wa mashamba haya haya niliyoyapita. Wengine walipoteza haki zao miaka ya 1950, ardhi ilipounganishwa na kuandikishwa wakati wa Hali ya Hatari, na aliyekuwa kizuizini au msituni hakuwepo kumwonyesha soroveya mpaka wake. Kwa mtu wa namna hiyo, ploti upande huu mkavu wa Thika, mbali na baridi na kijani cha Gatundu, ilikuwa mara ya kwanza karatasi kumtaja kwa jina lake.

Leo Landless ina nyumba za mawe zenye mageti, fleti za kupangisha, shule, makanisa na ploti za 50 kwa 100 zinazotangazwa kwa bei ambayo aliyepewa jina la mtaa huu asingeiota. Mtaa unafanana na mwingine wowote wa mkoa huu. Nilizunguka nikitafuta dalili yoyote ya umma inayoeleza kwa nini unaitwa hivyo, kibao, jiwe, chumba kimoja shuleni, na sikuiona. Blue Posts ina nguzo zake. Bustani ina jina la mti wake. Roosevelt ana kitabu chake. Hawa waliojaza kambi za Ruiru na waliotandika mataruma ya tramu wana jina la kituo cha matatu tu, na nasikia hata hilo wauzaji wa ploti wengine wanalikwepa, wakipendelea majina yenye harufu ya bustani.

Sitaki Landless igeuzwe makumbusho. Watu wake wanahitaji barabara, maji na maji taka kabla ya kibao chochote. Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana chini ya sheria iliyopo. Kila ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi kati ya Ruiru na Thika liambatane na maelezo ya kilichopo: majengo, makaburi, miti, kambi, pamoja na picha. Tangazo lisomwe pia kwa Kiswahili na Kikuyu barazani kwa chifu, si gazetini peke yake. Na bunge la kaunti lifungue daftari la urithi wa kaunti, lenye nafasi ya vitu ambavyo taifa halitavitangaza kamwe. Ukurasa wa kwanza uwe wa Landless: ramani ya ploti za mwanzo, aliyepewa ipi, na alitoka shamba la nani. Baadhi ya waliopewa wangali hai, na karatasi zao za kwanza ziko kwenye masanduku chini ya vitanda.